Mwache mtoto afunge kumi lake mwenyewe

Mpe mtoto wa darasa la pili njiti kumi na sita, aandike 16 kwenye daftari. Izungushie duara ile 6, umwulize ni njiti zipi hizo. Atakutengea sita bila shida. Sasa izungushie ile 1. Wengi wataokota njiti moja, basi. Ukiuliza, "Na hizi tisa zilizobaki, mwanangu?" atakutazama tu.

Huyo anasoma kumi na sita vizuri na anahesabu hadi mia bila kukosea, ila hajajua kwamba ile 1 ni fungu la kumi. Kumwimbisha "kulia mamoja, kushoto makumi" hakumfikishi mbali. Ukimsomea mia moja na tano ataandika 1005, kwa sababu amesikia mia, akaandika 100, akasikia tano, akaiongeza pembeni.

Kufundisha makumi na mamoja, mimi natumia chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi. Hapa Tanga minazi haikosekani, na fagio kuukuu moja likifumuliwa linatosha vikundi kadhaa. Zikate fupi, urefu mmoja, ncha uzisugue zisije zikachoma jicho la mtu. Uzi wa katani tunao, lakini vidole vya miaka saba vinahangaika na fundo. Ile mipira ya kufungia noti ni rahisi zaidi.

Watoto wakae wawili wawili, kila mmoja na kipande cha boksi kilichopigwa mstari katikati, na dadu moja kati yao. Ukitupa, unachukua njiti kwa idadi ya vitone na kuziweka kulia. Sheria ni moja: kulia hazilali njiti kumi. Zikitimia, unazifunga na fungu linahamia kushoto. Mwenye nane akipata tano, anahesabu kumi, anavuta mpira, anasukuma fungu, tatu zinabaki. Ndipo aandike 13. Akipata kumi kamili, kulia patupu, pia aandike sifuri yake.

Walimu wengi huja na mafungu tayari ili kuokoa muda. Sikubaliani nao kabisa. Fungu ambalo mtoto hakulifunga ni kijiti kinene tu kwake. Muda unaookolewa hapo ndio uliokuwa somo lenyewe.

Wakizoea, wageuze mchezo: waanze na 42, kila dadu inapunguza. Imetoka 5, na kulia zipo mbili. Lazima fungu lifunguliwe. Kabla hajatoa, mwulize: "Sasa zote ni ngapi?" Anayeanza kuhesabu upya moja, mbili, tatu hajafika. Anayejibu papo hapo kwamba bado ni 42, mpeleke kwenye kutoa kwa kuandika.

Mamia ni kazi ileile: mafungu kumi yanafungwa pamoja, boksi linapigwa mstari wa pili. Mia moja na tano ikilala hapo, katikati pakiwa patupu, zipo nafasi tatu tu, na ile 1005 inakosa pa kukaa.

Abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, iache kwanza. Shanga ya makumi inafanana na ya mamoja, kwa hiyo mtoto anatakiwa awe ameshajua kinachowakilishwa. Sarafu nazo zinachanganya zaidi, maana 50, 200 na 500 haziendi kwa kumi kumi. Tena watoto wanaotumwa dukani kila siku wanazihesabu haraka sana, ukadhani wameelewa makumi. Wape ile 16 na njiti zake uone.