Vyumba vya Madina: wake wa Mtume na elimu iliyotoka ndani ya nyumba

Kila ninapokaa na walimu wa madrasa, darasa hulianza kwa swali moja. Tumejuaje namna Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyoswali usiku nyumbani kwake, taa hakuna, watu wamelala? Wengi hujibu upesi: "Masahaba wamesimulia." Nawauliza tena: sahaba gani aliyekuwamo mle chumbani? Ukumbi hunyamaza, kisha mtu mmoja, aghalabu mwalimu wa kike aliyekaa nyuma, husema: "Bi Aisha."

Naam, Bi Aisha na wenzake. Pwani yetu imejaa akina Asha, Hadija, Hafswa, Zainabu, Safia na Maimuna. Majina tumeyahifadhi vizuri. Kazi waliyoifanya wenye majina hayo ndiyo tunayoisoma juujuu, kana kwamba walikuwa watu wa pembeni katika sira, yaani historia ya maisha ya Mtume. Hawakuwa pembeni. Sehemu kubwa ya dini tunayoifuata leo imepita mikononi na vinywani mwao.

Wa kwanza wao hakuiona hata Madina. Bi Khadija binti Khuwaylid alikuwa mfanyabiashara wa Makka ambaye mali yake ilisafiri na misafara hadi Sham (nchi za Syria ya leo na jirani zake), na alimfahamu Muhammad kwanza akiwa kijana mwaminifu aliyempa dhamana ya bidhaa zake. Wahyi ulipoanza katika pango la Hira, Mtume alirudi nyumbani akitetemeka na kusema, "Nifunikeni." Bi Khadija hakumwambia tu apoe. Alimpa hoja: Mwenyezi Mungu hatakufedhehesha kamwe, kwani wewe unaunga udugu, unawabebea wanyonge mizigo yao, unamkirimu mgeni, unawasaidia waliofikwa na misiba. Kisha akamchukua kwa Waraqa bin Nawfal, binamu yake aliyevijua vitabu vya kale. Nawaomba wasomaji wayatazame maneno hayo kwa makini, maana huo ni ushahidi wa mke aliyeishi na mumewe miaka kama 15. Aliamini kabla ya mtu mwingine yeyote, akatoa mali yake, akavumilia miaka ya Maquraishi kuwasusia Bani Hashim, ukoo wa Mtume, akafariki karibu mwaka 619, miaka mitatu kabla ya Hijra.

Vyumba ninavyovizungumzia vilijengwa baadaye, Madina, vikiwa vimeshikana na msikiti. Vilikuwa vya matofali mabichi ya udongo na makuti ya mtende. Mwanachuoni Hasan al-Basri, ambaye mama yake alimtumikia Bi Ummu Salama, mmoja wa wake hao, alisimulia kwamba akiwa kijana aliingia humo na kuigusa dari kwa mkono wake. Mtume alipofariki mwaka 11 Hijria (632), wake tisa walikuwa hai. Qur'ani ilikwisha kuwaita mama wa waumini, na katika Sura al-Ahzab, aya ya 34, ikawapa kazi: wayakumbuke yanayosomwa majumbani mwao katika aya za Mwenyezi Mungu na hekima. Kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo hubeba maana mbili, kukumbuka na kutaja. Wanazuoni wengi waliiona humo amri ya kuhifadhi na kufikisha.

Anayeonyesha vizuri zaidi kazi hiyo ilivyofanyika ni Bi Aisha binti Abu Bakr. Hadithi zilizopokewa kwake zinahesabiwa kuwa 2,210, na baada ya Mtume kufariki aliishi akifundisha kwa zaidi ya miaka 45. Wingi huo ni jambo kubwa, lakini mimi hunivutia zaidi namna alivyopima elimu. Alipoambiwa kwamba kuna wanaosema swala hukatika akipita mbele ya anayeswali mbwa, punda au mwanamke, alijibu kwa uchungu: mmetufananisha na punda na mbwa! Kisha akaleta ushahidi wa chumbani mwake. Alikuwa akilala mbele ya Mtume anaposwali usiku, na Mtume alipotaka kusujudu humgusa naye akakunja miguu, akisimama anainyosha tena. "Na siku hizo," akasema, "nyumba hazikuwa na taa." Udogo wa chumba kile ukageuka hoja ya fiq'hi, elimu ya sheria za dini.

Mara nyingine alisikia kuwa sahaba Abdullah bin Umar anapokea kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na jamaa zake. Hakumwita mwongo. Alisema kwa upole kwamba hakusema uongo, bali amesahau au amekosea: Mtume alipita penye maiti wa Kiyahudi anayeliliwa, akasema hawa wanamlilia naye anaadhibiwa kaburini. Juu yake akasoma aya: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Hapo mna njia tatu za kuchunguza riwaya: kumbukumbu ya msimulizi, tukio lilivyokuwa, na mizani ya Qur'ani. Masahihisho yake kwa masahaba yalikuwa mengi kiasi kwamba karne kadhaa baadaye az-Zarkashi, mwanachuoni wa Misri, aliyakusanya katika kitabu kizima. Na sahaba Abu Musa al-Ash'ari alikiri kwamba hawakutatizwa na hadithi yoyote wakamuuliza Aisha ila walipata kwake elimu yake.

Bi Ummu Salama alikuwa na sikio la namna yake. Siku moja kijakazi akimchana nywele alimsikia Mtume mimbarini akisema, "Enyi watu!" Akamwambia msichana asogee. Msichana akasema ameita wanaume, hakuita wanawake. Akajibu: "Na mimi ni katika watu." Huyu ndiye aliyemuuliza Mtume kwa nini wanaume wanatajwa katika Qur'ani na wanawake hawatajwi, ikashuka aya ya 35 ya al-Ahzab inayowataja wote, Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, sifa baada ya sifa.

Mwaka 6 Hijria (628) alikuwa na Mtume Hudaybiyya, karibu na Makka, pamoja na masahaba wapatao 1,400 waliokuja kwa ihramu kufanya umra. Mkataba na Maquraishi uliwataka warudi Madina bila kuiona Al-Kaaba mwaka ule. Mtume akawaamuru wachinje na wanyoe. Hakuinuka hata mmoja. Akarudia mara tatu. Akaingia hemani kwa Ummu Salama na kumweleza. Yeye hakuwalaumu watu, alielewa kwamba ni huzuni, siyo uasi. Akamshauri: toka, usiseme na yeyote neno moja, mchinje mnyama wako, umwite kinyozi akunyoe. Mtume akafanya hivyo hasa, na watu walipomwona waliinuka wakachinja, wakanyoana kwa simanzi hadi nusura waumizane. Mkuu wa dola alikuwa na Abu Bakr na Umar kambini, na ushauri uliotatua jambo ulikuwa wa mkewe.

Bi Hafsa binti Umar alijua kuandika, na alifundishwa na mwanamke mwenzake, ash-Shifa binti Abdullah. Kurasa za Qur'ani zilizokusanywa na Zayd bin Thabit baada ya vita vya Yamama zilikaa kwa Abu Bakr, kisha kwa Umar, kisha kwake. Khalifa Uthman alipotaka misahafu inakiliwe, alimwomba azilete kwa ahadi ya kumrudishia, na akamrudishia. Mushafu uliopo nyumbani kwako unapitia kwa mwanamke huyu.

Wengine nawataja kwa ufupi, ingawa kila mmoja angestahili makala yake. Ndoa ya Bi Juwayriya ilisababisha familia kama mia za kabila lake la Banu Mustaliq, zilizokuwa mateka, kuachwa huru. Bi Zaynab binti Jahsh alitengeneza ngozi kwa mikono yake na kutoa sadaka alichopata. Bi Maymuna alikuwa mama mdogo wa Ibn Abbas, binamu wa Mtume, na ni nyumbani kwake kijana huyo alilala ili aione swala ya usiku ya Mtume.

Mwishoni mwa karne ya kwanza ya Hijria, khalifa al-Walid bin Abdulmalik aliamuru vyumba vile vibomolewe ili msikiti upanuliwe, na watu wa Madina walilia. Aliyesimamia kazi hiyo ni gavana Umar bin Abdulaziz. Miaka kadhaa baadaye, akiwa khalifa mwenyewe, Umar alimwandikia mwanachuoni Abu Bakr bin Hazm huko Madina atafute hadithi za Mtume na aziandike, kwa kuwa alihofia elimu kupotea na wenye nayo kuondoka. Katika barua hiyo alitaja kwa jina hadithi za Amra binti Abdurrahman. Amra alikuwa amelelewa na Bi Aisha.