Propela kubwa haiifanyi ndege kuwa na kasi

Wanaorusha ndege ndogo za rimoti wameambiana kwa miaka mingi: ukitaka kasi, funga injini kubwa na propela ndefu. Propela ndefu ni nzuri kwa kuvuta mzigo na kupaa kwa uwanja mfupi. Kasi ni habari nyingine.

Tazama namba zilizochapwa kwenye propela, mfano 10x6. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu ndani ya mbao. Ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, inchi 6 hizo zinatoa takriban kilomita 110 kwa saa, na ndege haitapita hapo sana labda ikiwa inashuka. Injini hiyohiyo ukiifunga 9x7, ikafika mizunguko 13,000, hesabu inapanda hadi karibu 139. Propela imekuwa fupi, kasi imeongezeka.

Gharama yake unaiona wakati wa kuruka: mwanzoni ndege huwa nzito kuondoka, maana propela ya namba ya pili kubwa haishiki hewa vizuri ndege ikiwa bado imesimama.

Na injini kubwa? Inasaidia, ila kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kuongeza kasi maradufu kwa umbo lilelile kunadai nguvu takriban mara nane, na uzito wa injini nao unapanda. Mimi ningeanza na umbo, ili hewa isiizuie sana ndege: bawa jembamba na magurudumu yaliyofichwa.