Kutoka gome hadi sindano: maswali kuhusu dawa za mimea ya misitu ya mvua

Kazi yangu ni kutoa dawa, na karibu kila wiki kuna mtu anayeniuliza kuhusu mizizi, gome au majani. Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kama wanaokiri kosa. Si kosa hata kidogo. Misitu ya mvua, ile yenye joto na unyevu mwaka mzima, imetupa dawa ambazo zimeokoa watu wengi mno. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara kwa mara, na majibu ninayotoa nikipata nafasi ya kuzungumza bila haraka.

Ni kweli kwamba robo ya dawa za hospitali zinatoka misitu ya mvua?

Hapana, ingawa utalisikia neno hilo mara nyingi. Chanzo chake ni uchunguzi uliofanywa Marekani kuhusu dawa zilizotolewa kwa cheti cha daktari kati ya 1959 na 1980. Ulionyesha kuwa takriban 25% zilikuwa na kiambata kilichotoka kwenye mimea, yaani mimea yote: ya shambani, ya nchi za baridi, ya nyikani. Watu wakaibadilisha ikawa "misitu ya mvua".

Sipendi sifa za uongo kwa jambo lenye sifa za kweli. Kwinini ilitoka kwenye gome la mkwinini, mti wa misitu yenye ukungu kwenye miteremko ya milima ya Andes. Emetini, iliyotibu kuhara damu kwa amiba kwa miaka mingi, ilitoka kwenye mzizi wa ipeka wa misitu ya Brazili. Pilokapini, dawa ya matone kwa presha ya jicho, hutolewa kwenye majani ya jaborandi, ya huko huko Brazili. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha krofelema, dawa ya kuhara kwa watu wanaotumia ARV, na inatokana na utomvu mwekundu kama damu wa mti wa Amazoni uitwao Croton lechleri.

Kwa nini mimea ya msituni iwe na dawa nyingi hivyo?

Mmea haukuitengeneza dawa kwa ajili yetu. Angalia jani changa la mti wa msituni: laini, jepesi, mara nyingi jekundu au la kijani kilichopauka. Kila mdudu analitaka. Jani likikomaa huwa gumu kama ngozi na wadudu wengi hulishindwa, lakini siku zile za mwanzo halina ngao ila kemikali. Mti hauwezi kukimbia, na msituni hakuna baridi kali ya kuwaua wadudu na ukungu kila mwaka. Kwa hiyo mmea hujilinda kwa uchungu na sumu, na kwa vitu vinavyovuruga neva za mdudu, moyo wa mnyama au ukuaji wa ukungu.

Neva zetu na moyo wetu hufanya kazi kwa njia zinazofanana na za viumbe hao. Ndiyo maana kinachomuua mdudu kinaweza kumtibu mtu. Kinaweza pia kumuua.

Mama yangu ana kisukari. Ameambiwa anywe chai ya vinka, ua lile la waridi la bustanini. Inafaa?

Naomba asinywe, na naomba unisikilize kwa nini, maana historia ya ua hili inafundisha kuliko ushauri wowote.

Vinka asili yake ni Madagaska, ingawa sasa limepandwa karibu kila nchi yenye joto. Katika nchi nyingi watu walilinywa kwa kisukari. Mnamo 1952 majani yake yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada, ambako watafiti Robert Noble na Charles Beer waliyajaribu kwa panya. Sukari ya panya haikushuka kwa maana yoyote. Walipowadunga maji ya majani yale, panya wakaanza kufa kwa maambukizi, na damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimepungua vibaya.

Mtu mwingine angeyatupa majani. Wao walijiuliza: ikiwa kitu hiki kinapunguza chembe nyeupe, vipi kuhusu saratani ya damu, ambako chembe nyeupe huzaliana bila kikomo? Kufikia 1958 walikuwa wameipata vinblastini. Watafiti wa Marekani wakapata ndugu yake, vinkristini, iliyoidhinishwa 1963.

Seli inapojiandaa kugawanyika hutandaza nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu, nusu huku na nusu kule. Vinkristini huzuia nyuzi hizo kujengeka, na seli hufa kabla haijawa mbili. Miaka ya mwanzo ya 1960 mtoto mwenye saratani kali ya damu alikuwa karibu hana matumaini. Leo, mahali penye tiba kamili, walio wengi hupona, na vinkristini ni moja ya dawa kadhaa zinazotumiwa pamoja kuwafikisha huko.

Lakini ona umbali uliopo kati ya ua na sindano. Hutumika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya dawa. Vinkristini huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, huua. Hata kwa kipimo sahihi inaweza kuleta ganzi vidoleni na kufunga choo. Kikombe cha chai hakina kipimo chochote. Mtu wa kisukari tayari vidonda vyake hupona polepole na maambukizi humpata kwa urahisi, na neva za miguu yake huenda zimeanza kuchoka. Hapo ndipo tunataka kumwongezea mmea unaoshambulia chembe nyeupe na neva?

Kama kwinini imo ndani ya gome, kwa nini nisichemshe gome lenyewe?

Kwa sababu gome halisemi lina kiasi gani. Waholanzi walipotaka kulima mkwinini katika kisiwa cha Java walipanda miti zaidi ya milioni moja ya aina moja, kisha wakagundua kuwa gome lake karibu halina kwinini. Mwaka 1865 walinunua mbegu nyingine, zilizokusanywa Bolivia na Manuel Incra Mamani, mtu wa jamii ya Waaymara aliyeijua miti hiyo kwa macho. Miti iliyoota ilitoa gome lenye kwinini zaidi ya 10%. Yote miwili ni mikwinini, na mtu wa kawaida akishikishwa vipande viwili vya gome hataona tofauti. Kimoja hakitibu chochote, kingine kinaweza kukuzidi nguvu.

Kwinini ikizidi huleta mlio masikioni, kutapika na macho kuona ukungu. Ikizidi sana hupofusha na kuvuruga mapigo ya moyo. Hushusha pia sukari ya damu, jambo la hatari kwa mjamzito. Mwaka 1820, Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini peke yake kutoka kwenye gome, daktari aliweza kwa mara ya kwanza kupima dozi kwa uzito na kuirudia kesho ikiwa ileile. Kwangu mimi, hapo ndipo gome lilipogeuka dawa.

Na ukiwa na homa leo, hata kwinini yenyewe si ya kwanza tena. Pima malaria, ukiwa nayo umalize dawa mseto. Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesuneti badala ya kwinini. Mwongozo huo uliwafikia na watoto mwaka 2011, baada ya utafiti mkubwa katika hospitali za Afrika kuonyesha kuwa iliwaokoa zaidi.

Inakuwaje sumu ya mishale iwe dawa?

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye njia ya kuingia mwilini. Wawindaji wa Amazoni walipaka mishale kurare, utomvu uliopikwa ukawa mzito. Mnyama akichomwa hulegea misuli yote, hata ya kupumua. Lakini nyama yake huliwa bila madhara, kwa kuwa kurare ikipita tumboni haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kudhuru.

Januari 1942, huko Montreal, daktari wa usingizi Harold Griffith alitumia kurare iliyosafishwa kulegeza misuli ya mgonjwa mezani. Kabla ya hapo ilibidi mgonjwa azamishwe usingizini kwa kina cha kutisha ili tumbo lilegee. Dawa za kulegeza misuli zinazotumiwa leo kwenye upasuaji, nyingi hutengenezwa maabara, lakini kurare ndiyo iliyoonyesha njia.

Maharage ya Kalaba ya Nigeria yana habari ya namna hiyo. Zamani mshukiwa alilishwa ili kuonekana kama ana hatia. Ndani yake kuna fisostigmini, iliyokuja kutumika kwa presha ya jicho, na umbo lake likawapa wakemia mwongozo wa kutengeneza rivastigmini, dawa ya wagonjwa wa kusahau wa Alzheimer.

Baba anaamka usiku mara nyingi kukojoa. Gome la Prunus africana linasaidia?

Linaweza kumpa nafuu. Huu ni mti wa misitu ya milimani barani Afrika na Madagaska, na uchambuzi wa tafiti 18 uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa dondoo lake liliwapunguzia wanaume dalili za kuvimba tezi dume, na kuamka usiku kulipungua kwa takriban 19%. Tafiti hizo zilikuwa fupi, na zilitumia vidonge vilivyopimwa.

Ila baba apimwe kwanza. Uvimbe wa kawaida na saratani ya tezi dume huweza kuanza kwa dalili zinazofanana, na nafuu ya gome inaweza kumfanya achelewe. Jambo jingine: mti huu ukichunwa gome kuuzunguka wote, hufa umesimama. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, kwa sababu ulichunwa kupita kiasi.

Lakini cha asili hakina kemikali, au sivyo?

Kina kemikali, na ndizo tunazozifuata. Ningeomba neno "asili" lisitumike kabisa kama cheti cha usalama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake waliokunywa vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito walianza kuharibikiwa na figo, na kwa jumla walizidi 100. Mmea mmoja uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wa jamii ya Aristolochia, jamii yenye aina nyingi katika nchi za joto. Asidi yake huua figo kimyakimya na huleta saratani ya njia ya mkojo miaka baadaye. Hakuna aliyeumwa siku ile aliyokunywa, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. "Nimekunywa miezi mitatu sijaona kitu" si ushahidi.

Halafu kuna kugongana na dawa za hospitali. Mizizi ya mmea uitwao Rauvolfia ina reserpini, inayoshusha presha kweli. Mtu akiinywa juu ya vidonge vyake vya presha, anaweza kuanguka akisimama tu kutoka kitandani. Niliwahi kumhudumia mzee aliyekuja akishika ukuta. Tulihesabu vidonge vyake pamoja, vilikuwa sawa kabisa. Ndipo mkewe akatoa mkobani chupa ya maji ya kahawia, yenye vipande vya mizizi chini, akasema: "Na hii, je?" Alikuwa ameiacha mkobani kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Wenye elimu hii wanapata nini?

Kwa muda mrefu, hawakupata chochote. Mamani, niliyemtaja juu, alikamatwa alipokuwa akikusanya mbegu tena, akapigwa, na akafa. Mbegu zake ziliifanya Java kuwa mzalishaji mkuu wa kwinini duniani. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya mataifa yaliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inadai kibali cha nchi na jamii husika kabla ya utafiti, na mgawo wa faida. Ni hatua ya kweli. Waganga wengi wazee hawana wa kumrithisha, na msitu ukifyekwa, jina la mmea hubaki bila mmea.

Tayari natumia mitishamba. Nimwambie nini daktari?

Mwambie yote, na umwambie mapema. Usiende na jina tu, maana mimea mitatu tofauti huweza kuitwa kwa jina moja. Beba chupa au pakiti yenyewe. Kama ni mmea unaochuma, beba tawi lenye majani, na ua au tunda likiwepo. Sema unatumia sehemu gani, kwa wingi gani, tangu lini, na kwa ajili ya nini. Usiache dawa ya hospitali kimyakimya ili "kuipisha" ya mti.

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, au ukitaka kumpa mtoto mdogo, uliza kabla ya kikombe cha kwanza. Ukiwa unasubiri upasuaji, mtaje mmea huo kwa daktari wa usingizi. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito au ukipungua sana, uso au miguu ikivimba, au moyo ukidunda ovyo, acha kunywa na uende hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na chupa mkononi.