Kitengo cha fani ndani ya chama cha wanasayansi: kinajiongoza vipi, na mipaka yake iko wapi

Kila mwaka vijana wanaoanza kazi katika taasisi za utafiti hapa Mwanza huniuliza swali moja. Wamejiunga na chama cha wanasayansi wa taaluma yao, wamelipa kiingilio na ada, kisha fomu ikawataka wachague kitengo: magonjwa ya samaki, ubora wa maji, ukuzaji viumbe maji, takwimu za uvuvi. Wakishachagua hawajui hasa wamejiunga na nini, kwa sababu kitengo hicho kina mwenyekiti wake, kina mikutano yake na wakati mwingine kina ada yake, ilhali jina lake halionekani kwenye cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani ofisini kwa katibu mkuu. Ni swali la msingi, na jibu lake linawahusu hata wasio wanasayansi, kwa kuwa maelezo ya kitaalamu ambayo mvuvi, mchuuzi wa dagaa au diwani huyasikia redioni huweza kuwa yameanzia kwenye kitengo cha namna hii.

Tuanze kwa kutenganisha kitengo na tawi. Tawi hukusanya wanachama kwa mahali wanapoishi, kwa hiyo tawi la Kanda ya Ziwa litakuwa na watu wa fani zote waliopo Mwanza, Geita, Mara na Kagera. Kitengo hukusanya wanachama kwa fani popote walipo, kiasi kwamba mtaalamu wa vimelea vya sato aliyeko Nyegezi hukaa kikao kimoja na mwenzake wa Kigoma na wa Dar es Salaam. Chama cha American Fisheries Society cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1870, kina mgawanyo huu kwa uwazi mkubwa: upande mmoja kuna kanda nne za kijiografia, upande mwingine kuna vitengo vya fani vinavyochagua viongozi wao wenyewe na kuwa na kanuni zao. Kitengo chake cha afya ya samaki huandaa mwongozo wa taratibu za maabara za kutambua vimelea, mwongozo ambao watu wa fani huuita kitabu cha bluu, na pia huwathibitisha wataalamu wa patholojia, yaani elimu ya magonjwa, ya samaki. Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa na mkutano mkuu wa chama kizima, kwa sababu anayeshughulika na uchumi wa uvuvi hana msingi wa kupiga kura kuhusu namna ya kuotesha bakteria.

Kitengo pia si kikosi kazi. LVFO, taasisi ya uvuvi ya Ziwa Victoria iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994 na yenye makao yake Jinja, hutumia vikosi kazi vya wataalamu kutoka nchi wanachama, lakini mtaalamu huingia humo kwa kuteuliwa na taasisi yake ya serikali na hutoka anapoondolewa. Katika kitengo cha chama, mtu huingia kwa hiari yake, hupiga kura, na anaweza kugombea. Kwa msomaji anayeishi mwaloni, mfano wa karibu zaidi ni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni: viongozi wake huchaguliwa na wadau wa mwalo wenyewe, lakini mamlaka ya kusimamia rasilimali yanatoka katika sheria ya uvuvi. Uchaguzi unatoka chini, mamlaka yanatoka juu. Kitengo cha fani nacho kimejengwa hivyo.

Kwa hapa Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ndicho kinachojulikana kwa Msajili, na kitengo kilicho ndani yake hujulikana kupitia chama hicho tu. Kitengo kikitaka kukodi ukumbi, kuingia mkataba na mfadhili au kufungua akaunti ya benki, kitahitaji barua ya chama mama. Nimeona vitengo vyenye watu hodari vikikwama miezi mingi kwa kusahau jambo hili. Katika kimojawapo, waliotia saini benki walikuwa watatu. Mmoja alihamishiwa Dodoma, mwingine akaenda masomoni, na benki ikataka kumbukumbu za kikao kilichowachagua wapya pamoja na muhuri wa chama, ambavyo havikuwepo. Fedha za warsha zilikaa benki wakati wanafunzi waliokuwa wamepanga kuhudhuria wakirudisha tiketi za basi.

Kwa sababu mamlaka yake ni ya kukasimiwa, kitengo hakiandiki katiba nyingine. Huandika kanuni chini ya katiba ya chama. Kanuni hizo zinaeleza madhumuni ya kitengo, nani anaweza kuwa mwanachama, viongozi ni wangapi na wanakaa muda gani, mikutano inaitishwaje, akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, ni kiasi gani, fedha zinashikwaje, na kanuni zenyewe zinarekebishwaje. Zikigongana na katiba ya chama, katiba ndiyo inayosimama. Ningemshauri kila mwanachama mpya asome kifungu cha marekebisho kabla ya vingine vyote, kwa kuwa humo ndimo anapoona kama kitengo kina nidhamu: je, pendekezo linapaswa kusambazwa kwa maandishi siku kadhaa kabla ya mkutano, au mtu anaweza kusimama kwenye kipengele cha mengineyo na kubadili utaratibu mzima mbele ya watu waliochoka? Desturi nzuri ni kutaka taarifa ya mapema, kura za theluthi mbili ya waliohudhuria, na idhini ya baraza la chama kabla mabadiliko hayajaanza kutumika.

Uongozi wa kitengo huwa mdogo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na wajumbe wachache wa kamati tendaji. Cheo ambacho wengi hukipuuza, nami nakiona kuwa muhimu kuliko vyote, ni cha mwenyekiti mteule. Huyu huchaguliwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kushika kiti, hukaa ndani ya kamati akijifunza, na siku ya makabidhiano anaingia akiwa anajua ahadi zilizotolewa na madeni yaliyobaki. Naye mwenyekiti anayeondoka hubaki kwenye kamati kwa kipindi kimoja. Kwa watumishi wa umma, ambao barua ya uhamisho inaweza kufika wakati wowote, mpangilio huu huokoa kazi ya miaka. Pasipo mwenyekiti mteule, mara nyingi kitengo humtafuta kiongozi mpya ndani ya dakika ishirini za mwisho za kongamano, na anayekubali ni yule aliyeshindwa kukataa.

Kuhusu mikutano, niseme machache. Akidi ikiwekwa juu mno, kikao hakifanyiki kamwe, hasa pale wanachama wanapokuwa wametawanyika mikoani. Ikiwekwa chini mno, watu watano wa taasisi moja wanaamua kwa niaba ya wote. Vitengo vingi sasa huruhusu mwanachama ahudhurie kwa mtandao na ahesabiwe kwenye akidi, jambo linalokubalika ikiwa tu kanuni zimesema hivyo kwa maandishi.

Kumbukumbu za kikao, hata hivyo, zinastahili maelezo zaidi. Nina mbele yangu kaunta buku la kitengo nilichowahi kuwa katibu wake, jalada lake gumu limefifia, na ndani yake kila kikao kina mtiririko ule ule: kufungua kikao, kupitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha kumbukumbu zilizopita, yatokanayo na kumbukumbu hizo, kisha mambo mapya. Uhai wa kitengo unaonekana kwenye yatokanayo. Kikao kikiandika kwamba "wajumbe walijadili kwa kina suala la vifaa vya kupimia oksijeni," hakuna aliyepewa kazi, na kikao kijacho kitajadili tena kwa kina. Kikiandika kwamba mweka hazina ataleta bei kutoka kwa wauzaji watatu kabla ya tarehe fulani, basi tarehe hiyo itakuja na jina lake litasomwa. Katika kurasa za kaunta buku lile naweza kuonyesha kwa kidole kipindi ambacho kitengo kilikuwa kinafanya kazi na kipindi ambacho kilikuwa kinakutana tu.

Swali gumu kuliko yote ni nani anayesema hadharani kwa jina la kitengo. Samaki wanaofugwa kwenye vizimba ziwani wanaweza kufa kwa wingi kwa usiku mmoja. Chanzo kimoja kinachojulikana sana ni upungufu wa oksijeni: maji ya tabaka la chini yaliyokaa bila hewa hupandishwa na upepo hadi kwenye vizimba, na sato waliomo hawana pa kukimbilia. Lakini samaki wanaoelea matumbo juu alfajiri wanaweza pia kuwa wameuawa na ugonjwa, au na sumu, na aliyesimama kwenye mtumbwi hawezi kutofautisha kwa macho. Hata kipimo kinaweza kupotosha kikichelewa, kwa sababu oksijeni huwa chini kabisa kabla ya mapambazuko, na ifikapo saa sita mchana mwani umeshairudisha kwa msaada wa jua, hivyo mpimaji aliyechelewa atakuta maji yanayoonekana mazuri.

Asubuhi kama hiyo mwandishi wa habari hupiga simu kwa mwenyekiti wa kitengo. Nilipokuwa katibu, kiongozi mmoja aliipokea simu akiwa safarini na kusema kwamba huenda ni sumu, akimaanisha kuwa uwezekano huo haujaondolewa. Jioni ikatangazwa kuwa chama cha wanasayansi kimesema samaki wamekufa kwa sumu. Wachuuzi ambao samaki wao walitoka mbali kabisa na vizimba vile walirudi nyumbani na mabeseni yaliyojaa. Masahihisho yalitoka baada ya siku nne, kwa kuwa kanuni zetu hazikusema nani anapaswa kutia saini, na barua ilizunguka kutoka kwa mwenyekiti kwenda kwa rais wa chama na kurudi.

Tangu wakati huo nimeshikilia kwamba kanuni zitenganishe kauli za aina tatu. Mwanachama ana haki ya kusema kama mtafiti, kwa jina lake, bila kutaja kitengo. Kitengo, kupitia mwenyekiti na wajumbe wawili wenye utaalamu wa jambo husika, kiruhusiwe kutoa siku ile ile maelezo ya kile sayansi inachokijua tayari, pamoja na kusema wazi vipimo gani vinasubiriwa. Msimamo wa kisera, kwa mfano kuitaka Serikali isimamishe ufugaji katika ghuba fulani, ubaki kwa baraza la chama, ambalo nalo lipangiwe saa za kujibu. Wapo wenzangu wanaoona kwamba ruhusa hiyo ya pili ni hatari. Naheshimu hofu yao, ila nimeona gharama ya siku nne za ukimya, na aliyeilipa alikuwa mama mwenye beseni.

Hapo hapo linaingia suala la mgongano wa maslahi. Ziwa ni moja na wataalamu ni wachache, hivyo anayechunguza vifo vya samaki anaweza kuwa ndiye aliyelipwa kuandaa tathmini ya mazingira ya vizimba hivyo hivyo. Hilo halimfanyi mtu mbaya. Linamtaka atamke mwanzoni mwa kikao, iandikwe, na atoke nje wakati wa kura, hata kama wote waliomo ni rafiki zake.

Kitengo kinaweza pia kufungwa. Wanachama wakipungua chini ya idadi iliyowekwa, au kisipotoa taarifa ya mwaka kwa muda ulioelezwa, baraza la chama linaweza kukivunja, na kanuni zinapaswa kusema mapema kwamba fedha na mali hurudi kwa chama. Sisi wa fani za viumbe tuna mali ambayo benki haiijui: chupa za vielelezo, shajara za ziwani, namba za sampuli za miaka ya nyuma. Niliposhuka katika ukatibu tuliorodhesha kila kitu kwenye karatasi moja: kaunta buku mbili, kitabu cha stakabadhi, muhuri, diski ya takwimu, funguo za kabati la furu, samaki wadogo wa ziwani, waliohifadhiwa kwenye chupa. Aliyenipokea alifungua kabati, akahesabu chupa moja moja, akakuta moja imepungua ikilinganishwa na orodha yangu, akaiandika, ndipo akatia saini.