Kamba Inayotembea Isiguse Jiwe: Kukwea Miamba ya Mchanga Bila Kuiharibu

Chukua kipande cha jiwe la mchanga kilichomeguka, ukisugue kwa kidole gumba upande wa ndani. Chembe zitakudondokea kiganjani kama sukari. Sasa kigeuze, usugue upande wa nje, ule uliopigwa na jua na mvua kwa karne nyingi. Hapo hupati kitu.

Harrison's Rocks, karibu na kijiji cha Groombridge kusini-mashariki mwa Uingereza, ni miamba ya namna hiyo. Ilianza kama mchanga uliolundikana zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita, na hadi leo chembe zake hazijashikana sawasawa. Maji yanayopenya ndani huyeyusha madini. Yanapotoka na kukauka, huyaacha madini hayo usoni mwa jiwe, nayo huzigandisha chembe za juu. Ndivyo gamba linavyojengeka, na mara nyingi unene wake ni milimita chache tu. Likishatoboka, kinachobaki wazi ni mchanga laini ambao mvua na upepo huumega bila kusubiri mkweaji. Gamba jipya halitaota katika umri wetu wala wa wajukuu zetu.

Adui mkubwa ni kamba. Wakweaji wa hapo hutumia kamba inayoning'inia kutoka juu, na ikilazwa moja kwa moja ukingoni, kila inapovutwa na kulegezwa hulikata jiwe kama msumeno. Mifereji ya makosa ya miaka iliyopita bado inaonekana, mingine imezama kiasi cha kuimeza kamba yote. Kuna sehemu zilizozibwa kwa saruji. Kiraka hicho huzuia uharibifu usiendelee, lakini jiwe lililokwisha kwenda halirudi.

Kwa hiyo utaratibu wa hapo ni huu: funga juu ukanda imara usiovutika, urefu wake uvuke ukingo, uwekee kitambaa kinene chini yake, kisha karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango wa springi, ining'inie chini ya ukingo. Kamba ya kukwea ipite kwenye karabina hiyo. Ukanda hautembei, na kamba inayotembea haigusi jiwe. Ukimaliza, usiteremke kwa kuserereka na kamba. Zunguka ushuke kwa miguu. British Mountaineering Council, chama cha wakweaji wa Uingereza ambao ndio wamiliki wa miamba hiyo, wanawataka wakweaji wote kufanya hivyo.

Viatu navyo vina lake. Mchanga ulionata kwenye soli hufanya kazi ya msasa kila mguu unapoteleza, basi zipanguse kwa kitambaa kabla ya kuanza. Brashi ya waya isikaribie kabisa.

Mvua ikinyesha, acha. Jiwe la mchanga hunywa maji, na likilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake: kishikio kilichobeba watu kwa miaka huvunjika mkononi, na mkweaji huanguka nacho. Usidanganywe na uso uliokauka, kwa maana ndani unyevu hukaa siku kadhaa. Wakweaji wa majangwa ya Marekani huchimba udongo kidogo chini ya mwamba. Wakiukuta na majimaji, wanarudi nyumbani. Mimi naliona hilo jaribio bora kuliko kutazama anga.

Huko Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, wamekaza zaidi. Tangu kanuni zilizoandikwa na mkweaji Rudolf Fehrmann mwaka 1913, wenyeji wamelinda minara yao ya mchanga kwa masharti makali. Unga mweupe wa kukausha viganja hauruhusiwi. Kabari za chuma zinazopachikwa ufani kushikilia kamba haziruhusiwi, kwa sababu mtu akianguka kabari hutanua ufa na kuupasua. Badala yake mkweaji hufunga fundo kwenye kamba fupi au ukanda, akalipachika ufani.

Aliyejifunzia kwenye miamba migumu ya Lukenya, nje ya Nairobi, ataona haya yote ni usumbufu. Kabla hajafunga kamba, na ainame ukingoni mwa Harrison's Rocks, apitishe kidole ndani ya mfereji mmoja.