Kabla ya kulaumu manjano, pima maji

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, alinirudishia shuka ya marekani niliyomtilia rangi kwa manjano, ile bizari ya jikoni. Ilikuwa na mabaka mekundu kama kutu. "Mwanangu, umeniuzia rangi mbovu." Nikamkaribisha kitini, nikakata ndimu, nikakamulia baka moja. Likarudi njano palepale. Alikuwa ameifua kwa sabuni ya mche.

Hakuna kilichoungua pale. Manjano hubaki njano kwenye tindikali na kwenye maji ya kawaida. Ikikutana na sabuni au magadi, kipimo cha pH, kinachoonyesha uchachu au alkali (kinyume cha uchachu), kikapita 8 hivi, molekuli zake hupokonywa haidrojeni, nazo huanza kunyonya mwanga kwa namna nyingine, jicho likaona wekundu. Ndimu huirudisha haidrojeni hiyo.

Choya, ambayo sokoni wengi huiita rozela, ina mambo zaidi. Mimi huloweka gramu 50 za choya kavu kwenye lita 1 ya maji ya moto yasiyotokota, maana moto mkali huiua rangi yake. Yenyewe ni chachu, kwa hiyo hutoka nyekundu. Tia magadi punje kwa punje huku unakoroga: inaingia zambarau, inapita kwenye bluu iliyofifia, inafika kijani. Ukiwahi ndimu hapo, wekundu unarudi. Ukizidisha magadi na kuiacha, inakuwa njano chafu, na hiyo hairudi tena, kwani molekuli zimeshavunjika.

Sasa maji, na hapa ndipo nilipopoteza jora zima nilipoanza kazi. Sehemu kubwa ya Tanga tumekaa juu ya mawe ya chokaa, yaleyale ambayo maji yaliyachonga yakawa mapango ya Amboni. Maji ya kisima yaliyopita kwenye chokaa huja na alkali yake. Kitambaa kilitoka chunguni chekundu cha kupendeza, nikakisuuza kwa maji ya kisima, kikageuka zambarau ya matope mikononi mwangu. Siku hizi nasuuzia maji ya mvua, au nakamulia ndimu mbili kwenye ndoo ya kisima.

Jihadhari pia na sufuria ya alumini. Choya hushikana na madini hayo ikaelekea zambarau hata kama maji ni machachu. Shabu, chumvi yenye alumini, hufanya vivyo hivyo, ila hiyo naitumia kwa makusudi kushikisha rangi, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Hata hivyo choya haidumu juani, na mteja namwambia hivyo kabla hajatoa pesa.

Kupima maji si gharama. Chovya karatasi nyeupe kwenye choya nzito, ianike kivulini, ikate vipande vyembamba, uvitie kwenye chupa kavu. Kabla ya kutia rangi, dondoshea kipande kimoja tone la maji ya kisima chako, usubiri dakika moja. Kikielekea bluu, tafuta ndimu.