Korongo la Stiegler na watu wa Rufiji: yanayosemwa na yalivyo

Kabla ya kutandaa bondeni, Mto Rufiji hupenya vilima kwenye Korongo la Stiegler, mahali lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere. Wakulima wa chini ya korongo, Mloka hadi Utete, hupanga msimu kwa kufuata maji yanayopita hapo. Ndiyo maana habari potofu huwagharimu.

"Maji ya Rufiji yanatoka Ruaha." Ruaha Mkuu husikika sana kwa sababu ya mabwawa ya Mtera na Kidatu, lakini huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Mto Kilombero huleta kama asilimia 62, Mto Luwegu 18. Anayetaka kujua mto utakuwaje, aulizie mvua za Ifakara, upande wa Kilombero, kabla ya zile za Mbarali, upande wa Ruaha.

"Mafuriko yameletwa na bwawa." Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Mafuriko ya 1968 yalikuwa makubwa kiasi kwamba watu walihamishwa bondeni katika Operesheni Rufiji. Lakini wanaodhani bonde halitafurika tena wamekosea vilevile. Ziwa la bwawa hilo hubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30; likiwa na nafasi, hupunguza kishindo cha mafuriko. Likishajaa, yanayozidi lazima yafunguliwe.

"Mafuriko ni hasara tupu." Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mpunga hupandwa mvua za kwanza zinapoanza, ili uwe umerefuka mto unapofurika, kwa kawaida Machi na Aprili. Maji yakiwahi, miche mifupi huzama na kuoza. Yasipofika, mpunga hukauka. Yakishapungua huja kilimo cha mlao: mkulima hutoboa tope jipya, hufukia mahindi, kunde au maboga penye unyevu, na mazao hukomaa bila kusubiri mvua. Maziwa ya pembeni kama Ruwe, Uba na Zumbe nayo hupata maji na samaki mto unapovuka kingo. Mwaka usio na mafuriko kabisa, perege huadimika.

"Mitambo inamaliza maji." Mitambo yote 9 ya umeme ya bwawa, ya megawati 235 kila mmoja, hurudisha maji mtoni. Kinachobaki nyuma ya ukuta ni tope. Maji yaliyokosa tope hula kingo zaidi, na shamba la mlao hukosa mbolea yake ya kila mwaka. Ufunguaji wa maji nao hubadili kalenda: yakiachiwa mengi kiangazi, mashamba ya chini huchelewa kukauka. Kwa hiyo vijiji vinahitaji kupewa taarifa ya tarehe na kiasi cha maji kabla ya milango kufunguliwa, wakati mbegu bado ziko ghalani.